Chavua inapita, mbegu haipokelewi: mimea ya jangwani hutenganaje kijeni?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Lodwar. Wanafunzi wangu nimewafundisha kwamba makundi ya mmea mmoja hutofautiana kijeni kwa sababu ya umbali, mito na milima. Juzi nikasoma kwamba jangwani mmea uliozoea makazi ya aina moja, mfano vilima vya mchanga, hutengana na wenzake hata kama wako jirani. Sasa jangwa ni wazi, upepo unapiga na nyuki wanaruka popote. Ni kitu gani kinachozuia jeni zisipite? Na je, mmea ukishazoea makazi ya aina moja, ni lazima makundi yake yatengane?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Swali lako la pili ndilo gumu, na jibu lake ni hapana. Lakini siwezi kulifikia kabla ya kulifumua la kwanza, maana limebeba dhana ambayo hata sisi tuliosomea mambo haya tulichelewa kuiacha: kwamba mlango ukiwa wazi, basi watu wamepita.

Jangwa liko wazi kwa macho yetu, kwa nyuki na kwa upepo. Kwa mbegu haliko wazi hata kidogo. Chavua ikitua kwenye ua la jirani, jeni bado haijahama. Imehama pale tu ambapo mbegu iliyotokana na chavua hiyo imeota, imekua, imechanua na kuacha kizazi. Kabla ya hapo ni mgeni aliyesimama mlangoni. Jangwani hodi zinapigwa nyingi. Karibu ndizo chache.

Mfano ninaoupenda ni wa alizeti, mmea ambao kila Mtanzania wa Singida au Dodoma anaufahamu. Alizeti tunayoikamua mafuta ni Helianthus annuus, na asili yake ni Marekani Kaskazini. Huko ina ndugu wengi wa porini, na mmoja wao ni Helianthus petiolaris. Katika bonde kavu la San Luis, jimbo la Colorado, kuna vilima vya mchanga vilivyo virefu kuliko vyote vya bara hilo. Kirefu zaidi kinapanda zaidi ya mita 200 kutoka chini yake. Mahali penyewe panaitwa Great Sand Dunes. Kuzunguka vilima hivyo ni tambarare ya mchanga uliotulia, yenye nyasi na vichaka. Alizeti hii inaota pande zote mbili, na mtu mwenye miguu mizima anaweza kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla chai haijapoa kwenye chupa. Nyuki ndio kabisa, hawana habari na mpaka wowote.

Hata hivyo, ukizichukua mbegu za pande hizo mbili na kuziweka kiganjani, huhitaji mizani. Za vilimani zina uzito zaidi ya maradufu ya zile za tambarare. Sababu si fumbo. Mchanga wa vilima unahama. Mbegu inaweza kulala juu usiku na kuamka imefukiwa, na mche wake ukalazimika kusukuma mchanga mwingi kabla ya kuona jua. Tena mchanga huo ni maskini wa naitrojeni, kwa hiyo mche hauna cha kutegemea zaidi ya masurufu uliyofungiwa na mama yake. Mbegu kubwa ni masurufu mengi. Tambarareni mambo ni mengine. Mchanga umetulia, majirani wanaogombea maji na mwanga ni wengi, na mmea unaotumia akiba yake kutengeneza mbegu kubwa chache unapitwa na ule unaomwaga ndogo nyingi.

Sasa fuata chavua ya tambarare iliyobebwa na nyuki hadi kwenye ua la kilimani. Mbegu inayozaliwa ni chotara. Mzima kabisa, hana kasoro ya ndani, ila amezaliwa mahali ambapo nusu ya urithi wake haifai. Wengi wa aina yake hufa wakiwa miche. Watafiti walipopanda mimea ya pande zote mbili katika makazi yote mawili, kila upande ulifanya vizuri zaidi kwao. Hicho ndicho kizuizi ulichokuwa unakitafuta, Mwalimu. Hakionekani kwenye ramani kwa sababu kinasimama baada ya safari, wala si katikati yake.

Na angalia kinachofuata, maana hapa ndipo wanafunzi hupotea. Mche unapokufa kwa sababu ya jeni chache zinazohusu ukubwa wa mbegu, haufi na jeni hizo peke yake. Unakufa na maelfu ya nyingine zisizo na hatia, ambazo zingeweza kuishi popote. Kwa hiyo uteuzi asilia unaolenga tabia moja hupunguza mwendo wa jeni zote kidogo, hata zile zisizohusika na mchanga. Utafiti wa mwaka 2012 uliopima alizeti hizo hizo ulijaribu kuutenga umbali na makazi. Umbali ulikuwa na mchango wake, haukutoweka. Lakini tofauti ya makazi, hasa wingi wa uoto unaofunika ardhi, ilibaki na uzito wake hata umbali ulipokwisha kuingizwa kwenye hesabu.

Nimesema "kidogo" kwa makusudi. Kwa wastani, alizeti za pande hizo mbili zinafanana sana, kwa sababu baadhi ya chotara hupona na kuendelea kuchanganya damu. Tofauti kubwa zimerundikana sehemu chache tu za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, na hili lilionekana wazi mwaka 2013. Kwa nini zirundikane? Kwa kawaida, mmea unapotengeneza chavua na mayai, kromosomu mbili za jozi hulala sambamba na kubadilishana vipande. Mabadilishano hayo yakiendelea kizazi hadi kizazi, jeni ya mbegu kubwa itatenganishwa na jeni nyingine inayosaidia kuishi mchangani, na mchanganyiko mzuri utavunjika. Lakini ikitokea kipande kizima cha kromosomu moja kimekatika na kujiunga tena kikiwa kimegeuka, mwisho mbele na mwanzo nyuma, hakilali tena sawasawa na mwenzake, na mabadilishano ndani yake hayafaulu. Jeni zote zilizomo zinasafiri pamoja, kama familia iliyokodi gari zima: ama wote wanafika, ama hakuna anayefika.

Mwaka 2020 timu moja ilichapisha matokeo ya kusoma DNA ya alizeti pori 1,506 za spishi tatu. Walikuta vipande 37 vya namna hii, vidogo vikiwa na herufi za DNA milioni moja na vikubwa vikifikia milioni 100. Ukubwa wa mbegu za alizeti ya vilima vya mchanga umehusishwa na vipande hivyo. Nilipoisoma kazi ile mara ya kwanza nilikumbuka mjadala wa miaka mingi darasani: vipi makundi mawili yatengane ilhali yanaendelea kuzaliana? Kumbe hayahitaji kuacha kuzaliana. Yanahitaji kufungasha vizuri.

Hadi hapo ungeweza kudhani kwamba kila unapoona tofauti mpakani, jeni kwa ujumla zimetengana. La. Tuingie jangwa la Mojave, California, kwa kijimea kidogo cha msimu mmoja kiitwacho Linanthus parryae. Urefu wake ni sentimita chache tu. Mvua ikikubali, kinatandaza nchi nzima kwa maua. Ikikataa, mwaka unapita bila ua hata moja na mbegu zinasubiri ardhini. Maua yake ni meupe au ya buluu, na rangi hiyo inaamuliwa na jeni moja. Kuna maeneo yote meupe, mengine yote ya buluu, mengine mchanganyiko.

Mwaka 1942 Carl Epling na Theodosius Dobzhansky walichapisha hesabu za maua hayo. Mwaka uliofuata Sewall Wright, mwanahisabati wa jenetiki ambaye bado tunaishi kwa fomula zake, aliyatumia kama mfano wa nadharia yake ya kutengana kwa umbali. Maelezo yake yalikuwa mepesi na mazuri: mbegu na chavua haviendi mbali, kila kitongoji cha mmea ni kidogo, basi bahati nasibu inatosha kukipeleka kimoja kwenye weupe na kingine kwenye buluu. Uteuzi asilia haukuhitajika. Mfano huu ulifundishwa vizazi na vizazi.

Douglas Schemske na Paulette Bierzychudek walirudi huko wakahesabu mbegu mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba rangi haikuwa mchezo wa bahati. Miaka ya mvua nyingi ya masika mimea myeupe ilizaa mbegu zaidi. Miaka mikavu, ile ya buluu. Kisha mwaka 2007 wakachapisha kazi ninayoipenda zaidi. Kuna mahali korongo dogo linatenganisha upande wa maua ya buluu na upande wa maua meupe. Walipima vimeng'enya, ambavyo aina zake hufichua jeni za mmea, lakini visivyo na uhusiano na rangi, na pande zote mbili zikafanana: jeni zilikuwa zinavuka korongo bila shida. Udongo, lakini, ulitofautiana, na mimea iliyohamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine ilipata hasara.

Yaani hapa makazi yametenga jeni moja na kuziacha nyingine zote ziendelee kutembeleana. Kwa alizeti, makazi yalitenga vipande vichache vikubwa na kuzipunguzia mwendo zilizobaki. Ndiyo maana sipendi kabisa sentensi "makundi haya yametengana kijeni" ikiachwa hivyo hivyo. Zimetengana jeni zipi? Ua ni shahidi mmoja tu.

Kuna njia nyingine ambayo makazi maalumu hutenganisha mimea, nayo haihitaji uteuzi asilia mpakani. Ni ya visiwa. Mmea unaoweza kuota penye udongo wa aina moja tu umejichorea ramani yake mwenyewe ya jangwa, na ramani hiyo ina nchi kavu kidogo na bahari kubwa. Katika jangwa la Chihuahua, kuanzia New Mexico na Texas hadi kaskazini mwa Mexico, kuna mabaka ya jasi, madini yale yale yanayotengenezwa plasta na chaki. White Sands, lenye vilima vyeupe vya jasi vinavyofunika zaidi ya kilomita za mraba 700, ni baka kubwa. Mengine ni madogo sana. Mmea mwingi hauwezi udongo ule wenye kalisi na salfa kupita kiasi. Wachache wameuzoea, na baadhi yao, kama Nerisyrenia linearifolia wa familia ya kabichi, maisha yao yamefungwa na jasi. Kwao kilomita 30 za udongo wa kawaida kati ya baka na baka ni kama mkondo wa Pemba kwa asiye na chombo.

Kwenye kisiwa kidogo, bahati ina nguvu. Mwaka wa ukame wakibaki mimea 20, kizazi kijacho kitabeba jeni za hao 20, ziwe nzuri au za kawaida. Hapo ndipo kipimo cha utofauti wa kijeni kati ya makundi, tunachokiita FST, hupanda. Kinaanzia 0, makundi yakifanana kabisa, hadi 1, yasipofanana kwa lolote. Wright alitupa kanuni ya haraka: gawa 1 kwa (mara 4 idadi ya wahamiaji kwa kizazi, jumlisha 1). Mhamiaji mmoja tu kila kizazi anakupa 0.2. Wahamiaji 10 wanakupa kama 0.02. Wape wanafunzi wako hesabu hiyo, watashangaa jinsi wageni wachache wanavyotosha kuwaunganisha wenyeji.

Lakini waonye pia. Kanuni ile inadhani makundi yana ukubwa sawa na mambo yametulia kwa muda mrefu, na jangwani hakuna kilichotulia. Tena FST hupanda hata uhamiaji usipobadilika, ilimradi utofauti ndani ya kila kundi umepungua. Mmea mtaalamu wa makazi haba huwa na makundi madogo, na makundi madogo hupoteza utofauti wa ndani. Kwa hiyo unaweza kuona FST kubwa ukasema "uteuzi asilia umefanya kazi", kumbe ni njaa ya miaka ya ukame. Njia ya kutofautisha ni kuangalia muundo. Bahati hutawanya tofauti kwenye kromosomu zote na kupeleka kila kisiwa upande wake. Uteuzi hurundika tofauti sehemu maalumu, na ukikuta vilima viwili vya mchanga visivyopakana, huvisukuma kuelekea upande mmoja.

Ndipo sasa swali lako la pili. Mmea uliozoea makazi ya aina moja si lazima utengane. Kama makazi hayo ni mapana na yameungana, mathalani eneo kubwa la mchanga ambamo makundi ni makubwa na nyuki wanazunguka, mtaalamu anaweza kuwa na jeni zilizochanganyika vizuri kuliko asiyechagua makazi lakini anayeota kwenye vichaka vya hapa na pale.

Na kinyume chake pia kipo. Larrea tridentata ndicho kichaka cha kawaida kuliko vyote katika majangwa yenye joto ya Marekani Kaskazini. Ukiendesha gari mchana kutwa hukimalizi. Ungetegemea kiwe kundi moja kubwa. Lakini katika Chihuahua kina kromosomu 26, Sonora kina 52, na Mojave kina 78. Seti ya kromosomu imerudufishwa kadiri unavyoelekea magharibi, na mmea wa seti mbili ukikutana na wa seti nne, watoto wanakuwa na shida ya kuzaa. Upana wa makazi haukukiokoa na mgawanyiko. Kimegawanyika kwa njia yake.

Kisa kingine kinachovuruga hesabu ni cha alizeti tena. Helianthus anomalus huishi kwenye vilima vya mchanga vya Utah na kaskazini mwa Arizona, mahali ambapo wazazi wake kwa kawaida hawaoti. Wazazi wenyewe ni H. annuus na H. petiolaris: hii ni spishi iliyozaliwa kwa uchotara. H. deserticola, wa jangwa kavu, na H. paradoxus, wa madimbwi ya chumvi, wametokana na wazazi hao hao wawili. Mwaka 2003 Loren Rieseberg na wenzake walionyesha kwamba ukiwachanganya wazazi hao upya leo, baadhi ya chotara hupata tabia za kupindukia zinazofanana na za spishi hizo tatu. Kwa hiyo kuchanganya damu, ambako tumezoea kukuona kama adui wa kutengana, ndiko kulikoupa mmea makazi mapya na kuutenga na wazazi wake.

Jambo la muda nalo lina hila zake. Majangwa ya Marekani Kaskazini yalichukua sura yake ya sasa baada ya enzi ya barafu kuisha, takriban miaka 11,700 iliyopita. Kwa kijimea cha msimu mmoja hivyo ni vizazi vingi. Kwa Larrea si vingi hata kidogo: kuna duara moja la vichaka huko Mojave, vyote vikiwa shina moja lililojizalisha, ambalo umri wake unakadiriwa kuwa karibu sawa na miaka hiyo 11,700 yote. Ukilinganisha mimea ya aina hizo mbili kwa FST bila kuuliza vizazi vingapi vimepita, unalinganisha saa na kalenda. Halafu kuna zile mbegu zinazolala ardhini. Kundi la mwaka huu linaweza kuwa na watoto wa mvua ya miaka kadhaa nyuma, na watoto hao huchelewesha kila mabadiliko, ya bahati na ya uteuzi pia.

Umeniuliza kutoka Lodwar, kwa hiyo acha nimalizie kwako. Una mikoma kando ya Turkwel, na mgunga ambao huota kandokando ya maji na pia kwenye lagha kavu, yaani mito ya msimu. Ukitaka wanafunzi waelewe haya kwa mikono yao, chagua mgunga. Kosa la kawaida ni kuokota mbegu mtoni karibu na mji, kisha nyingine kwenye ukavu wa mbali, na kulinganisha. Hapo umbali na makazi vimefungwa kamba moja. Utakachokiona hutajua ni cha nani. Chukua jozi: mtoni na ukavuni palipo karibu, kisha mtoni hapa na mtoni kule mbali. Kumbuka pia kwamba mbuzi hula maganda ya mgunga na kusambaza mbegu, kwa hiyo uliza wafugaji njia wanazopitia kabla ya kuchora mstari wowote wa umbali.

Maabara ya DNA haihitajiki kwa kuanzia. Pima uzito wa mbegu za kila mti, ziandike, kisha zikwaruze ganda ili zinywe maji na uzipande pande zote mbili, za mtoni ukavuni na za ukavuni mtoni, kila moja na alama yake. Weka miiba kuzunguka, la sivyo mbuzi watakufanyia uteuzi asilia wa kwao. Usihesabu zilizoota wiki ya pili na kufunga daftari. Karibu zote zitakuwa hai. Rudi uhesabu zilizobaki kiangazi kikiisha.